Hivi wanyama wanalipana fadhila kweli, au ni macho yetu tu?

mwana_wa_pete

Asalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nna suali linanisumbua wiki ya pili saivi na barazani kwetu nimeshachoka kubishana peke yangu, nikaona nilete huku huenda akapatikana mwenye ilimu yake.

Shamba letu lipo Pete, ubavuni mwa msitu wa Jozani, kwa hiyo kima punju kwetu tunaamka nao tunalala nao. Juzi baada ya adhuhuri jua kali nimejipumzisha chini ya mkungu, juu yangu wapo wawili. Mmoja kalala kifudifudi kwenye tawi, mikono na miguu inaning'inia kama nguo iloanikwa, mwenziwe anamchambua manyoya. Anayagawa kwa vile vidole vinne virefu, maana punju dole gumba la maana hana, anakodoa, anachopoa kitu, anatia mdomoni, anaendelea, pole pole mpaka kwapani. Nishaanza kusinzia mara yule mchambuaji akaacha, akageuka, akamletea mwenziwe shingo mbele ya uso kabisa kama mtu anavokwambia haya na mie. Na yule alolala akanyanyuka akaanza kazi. Usingizi wote ukaniruka.

Sasa kilonichanganya, baadae kaja wa tatu, dume, kakaa kitako, kachambuliwa vizuri tu, alafu kaondoka zake. Hakurudisha kitu na yule alomchambua wala hakufanya fujo.

Ami yangu anasema mnyama hana hisabu, anafuata tumbo lake tu, mwanaadamu ndo kapewa akili ya kukumbuka deni. Mie hapo nakataa kwa sababu hao wanaadamu wenye akili ya kukumbuka deni nnao. Tulikuwa na kikoa chetu vijana wanane, kila Ijumaa mmoja anapika wote tunakula kwake, mmoja wetu kala wiki saba bila ya kukosa hata moja, zamu yake ilipofika simu haipatikani mpaka leo hii. Kima kalipa palepale juu ya tawi, mtu kakimbia na pilau letu.

Nauliza kwa dhati, wataalamu walishalichunguza hili? Mnyama anaweza kumfanyia mwenziwe wema kwa kuwa na yeye alifanyiwa? Au kila kitu ni udugu wa damu na tumbo?

---

maalim_chake

Waalaykum salaam kijana wangu. Nasomesha bayolojia skuli ya sekondari huku Pemba mwaka wa 14 huu na suali kama hili sijaulizwa darasani hata mara moja, kwa hiyo ntakaa nalijibu vizuri, usichoke kusoma.

Ami yako hajakosea moja kwa moja. Sehemu kubwa ya kusaidiana tunakoona kwa wanyama ni udugu. Nyuki anayekuchoma anakufa, kwa nini akubali? Kwa sababu wote mzingani ni watoto wa mama mmoja. William Hamilton, Muingereza, mwaka 1964 aliliandika jambo hili kwa hisabati: ukichukua faida anayopata yule unomsaidia, ukaizidisha kwa kiwango cha udugu wenu, ikawa imezidi hasara yako wewe, basi tabia hiyo ya kusaidia inaweza ikaenea kizazi hadi kizazi hata kama wewe umeumia. Hapo hakuna deni wala kulipana, ni damu. Kwa hiyo suali la kwanza la kuwauliza hao punju wako ni kama ni mtu na mamaake au mtu na dada yake. Unajua?

Lakini damu haimalizi hadithi. Mwaka 1971 Mmarekani anaitwa Robert Trivers akauliza suali lako hilohilo, je asiye ndugu? Jibu lake ni kwamba inawezekana, ila kwa masharti. Lazima wawe ni walewale wanakutana tena na tena, lazima waweze kutambuana huyu nani na yule nani, na lazima kile ninachokupa kinigharimu kidogo mimi huku wewe kikikufaa sana. Yakikosekana hayo, mlaji wa bure atashinda na mwema atakufa na njaa. Kikoa chenu naona sharti la kwanza ndo lilianguka, yule mwenzenu alishajua kuwa hatokutana na nyinyi tena.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni popo. Na hapa niwatoe khofu watu wa Kidike, kule wanakolala popo wetu wengi, sio popo wetu wa Pemba, yeye anakula matunda tu na hayupo popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Nasemea popo wa Amerika ya Kati na Kusini anayekunywa damu ya ng'ombe na farasi. Huyu akikosa chakula usiku wa kwanza anadhoofika, usiku wa pili au wa tatu mfululizo anakufa. Na kukosa ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana. Basi akirudi pangoni na njaa anamwendea mwenziwe alokula, anamlamba mdomo, na yule anamtapikia damu kidogo akanywa. Aloshiba anapoteza kidogo tu, mwenye njaa anapata usiku mwengine wa kuishi, unaona lile sharti la tatu linavokaa hapo. Gerald Wilkinson aliyachunguza haya Costa Rica akayatangaza mwaka 1984, na wengi tukasema haya ndo yenyewe.

Wapo walobisha, wakasema hao popo ni mama na watoto tu. Wilkinson akarudi na mwanafunzi wake Gerald Carter, wakawa wanawanyima chakula popo 20, mmoja mmoja kwa zamu, kwa siku 48 ndani ya miaka miwili, wakitizama nani anamlisha nani. Matokeo yakatoka 2013: katika jozi zilogawiana chakula, asilimia 64 hazikuwa na udugu. Na kilichoonyesha nani atakulisha, ni kama wewe ulishamlisha yeye, hicho kilikuwa na uzito mara 8.5 kuliko udugu. Mie nlipolisoma hilo nilikaa kimya kwanza. Popo, mdogo wa kuingia kiganjani.

---

mzamiaji_nungwi

Mie si msomi ila chini ya maji nnaishi, miaka 9 napeleka wageni Mnemba, na nataka niwaelezee kitu ambacho nakiona kila wiki na kila nkikiona bado nasimama.

Kuna mahala kwenye mwamba, jiwe kubwa hivi limechomoza, wapo visamaki wawili vyembamba urefu wa kidole, buluu na mstari mweusi toka puani mpaka mkiani. Kazi yao kusafisha wenziwao. Samaki wanakuja wanapanga foleni, nasema kweli foleni, pono, changu, kangaja, wanasimama mmoja kichwa juu mwengine kapauka rangi yake ili wadudu waonekane, na kale kasamaki kanapita kwenye magamba, kwenye mapezi, kanaingia ndani ya mashavu kanatokea upande wa pili. Siku moja nlimuona chewa mkubwa, kinywa wazi, kasamaki kanahangaika ndani kwenye ulimi. Chewa angefunga mdomo tu chakula tayari. Hakufunga. Akatikisa mwili kidogo, kasamaki katoka, ndo chewa akafunga mdomo akaenda zake. Mgeni wangu siku ile alikuwa analia ndani ya miwani.

Nkaanza kusoma soma. Mama mmoja Alexandra Grutter alihisabu Australia akakuta kasamaki kamoja kanakula wadudu kama 1,200 kwa siku. Lakini kuna jambo wengi hawalijui, kale kasamaki wadudu sio anachokipenda! Anachokipenda khasa ni ule ute wa ngozi ya samaki mwenyewe, na akiung'ata mteja anaumia, unamuona anashtuka. Kwa hiyo kila siku yule ana mtihani, ale wadudu aaminike au aibe ute. Redouan Bshary kawatizama hawa miaka mingi na aliyokuta ni kama soko la Darajani. Samaki mwenye kutembea, ambaye anaweza kwenda kwa msafishaji mwengine, anahudumiwa mwanzo na haibiwi sana, akiibiwa harudi. Yule mkaazi wa hapohapo asiye na pa kwenda anangojeshwa, na akiibiwa dawa yake ni kumfukuza mwizi mbio, na baada ya kufukuzwa msafishaji anajirekebisha. Na samaki wengine wakiwa wanatizama, adabu inazidi. Akishakosea anapanda mgongoni kwa mteja anamsugua sugua na mapezi ya tumboni, mteja anatulia. Na wakiwa wawili dume na jike wanasafisha mteja mmoja, jike akiiba ute mteja akakimbia, dume anamfukuza jike kwa hasira, na baada ya hapo jike anapunguza kuiba.

Hawa hawana damu moja, mmoja chewa mwengine kisamaki cha kidole. Kwa hiyo mwana_wa_pete mwambie ami yako ni tumbo kweli, ila tumbo linalojua kuwa kesho ipo.

---

mamaake_nassor

Nimesoma yote, Mungu awape kheri. Mie mtu mzima nakaa Makunduchi na neno langu ni moja. Hilo neno deni halinikai vizuri.

Mwezi wa Ramadhani alasiri, mtoto anapelekwa na sahani imefunikwa kawa, mpelekee Bi fulani. Ile sahani hairudi tupu, kila mtu anajua, itarudi na chochote, hata ndizi mbili za kukaanga. Lakini nani kati yetu anahisabu? Mimi jirani yangu alikuwa mgonjwa Ramadhani nzima nikampelekea siku 30 na sahani zikarudi zimeoshwa tu, na wala halikunipita moyoni kuwa nnamdai. Anoanza kuhisabu sahani ujue ujirani ushakufa, kabakia biashara.

Mwanangu wa kike alipoolewa Wete nikabaki peke yangu nyumbani. Walonishika ni wale wa sahani. Sasa naomba maalim unambie, hao popo wanahisabu kama duka, au ni kama sisi?

Na wewe mwanangu wa Pete, huyo mwenzenu wa kikoa mshamuuliza kwao ana nini? Kuna mtu hapatikani kwa ujeuri na kuna mtu hapatikani kwa kuwa hana hata kilo ya mchele.

---

maalim_chake

Bi mkubwa, umeuliza jambo ambalo wataalamu wamegombana nalo miaka na miaka, na jibu lao linaelemea kwako zaidi kuliko kwa duka.

Frans de Waal aliwatizama sokwe kule Marekani, matokeo yake yalitoka 1997. Asubuhi anaandika nani kamchambua nani, mchana wanapewa majani ya kula anaandika nani kampa nani. Sokwe akikuchambua asubuhi, mchana uwezekano wa kumgaia unapanda. Lakini hilo lilionekana zaidi kwa wale wasio na mazoea makubwa. Wale marafiki wa chanda na pete, wanaochambuana kila siku, kuchambuliwa asubuhi ile moja hakukubadilisha sana, walishakuwa wanapeana. Kwa hiyo hisabu ndogo ndogo ya leo kwa leo ni ya watu wasiojuana vizuri. Anachokibeba rafiki ni mapenzi, na mapenzi yenyewe ndo daftari, hayahitaji kalamu.

Na popo hivohivo. Carter aliwachukua popo wasiojuana akawaweka pamoja, utafiti wa 2020 huo. Hawakuanza na damu. Walianza kulambana manyoya, kitu kisichogharimu, kidogo kidogo, na baadhi yao tu walivozoeana ndo wakafikia kulishana. Mie nlipoona hivo nikakumbuka jirani mpya anavyoanza na salamu, alafu chumvi, alafu siku moja anakuwachia mtoto. Na hili la mwanao kuolewa, Bi mkubwa, wamelitizama pia, 2017: walipomtoa yule popo ndugu aliyekuwa anamlisha sana mwenziwe, majike walokuwa wameshawalisha wengi wasio ndugu zao ndo hawakuumia sana. Yaani wale wa sahani.

Ila nisije nikawapaka rangi nzuri tupu. Upande wa soko upo. Tumbili, jamii ileile ya tumbili wetu wa Pemba wanaotumalizia mahindi, walifanyiwa jaribio Afrika Kusini likaandikwa 2009. Likawekwa boksi la tufaha ambalo linafunguka pale tu jike mmoja wa daraja la chini anapokuwapo. Yule jike jana hakuwa mtu, leo wote wanamchambua, na yeye hana haja ya kuchambua sana. Wakaweka boksi la pili linalofunguka kwa jike mwengine. Thamani ya yule wa kwanza ikashuka, kuchambuliwa kukapungua. Na dume wako wa tatu kule Pete, kijana, huenda ndo jibu lake liko hapa, huenda hakulipa kwa manyoya ila analipa kwa kitu chengine, kwa kuvumilia wenziwe pale penye majani mazuri, au kwa kusimama pale kundi jengine linapokuja. Malipo hayalazimiki kuwa ya sarafu ileile. Wapo tumbili wengine wa Amboseli, Kenya, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney waliwachezea sauti ya tumbili anayeomba msaada kwenye spika, 1984. Asiye ndugu, ukisikia sauti yake na muda mfupi nyuma alikuchambua, unageuka unatizama kule kwa muda mrefu zaidi. Kwa ndugu haikuleta tofauti, ndugu anatizamwa vyovyote.

---

mzenji_karatu

Nachangia fupi nipo kazini bara, Eyasi huku kwa Wahadzabe. Mlembe, yule ndege wa asali, anakuja anapiga kelele juu ya kichwa, Mhadzabe anapiga mluzi, ndege anaruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Mtu anapasua kwa shoka na moshi, asali kwa mtu, nta kwa ndege. Msumbiji kwa Wayao wana mlio wao wa kuita, na Claire Spottiswoode kapima akakuta ukiupiga ule mlio uwezekano wa ndege kukuongoza unapanda toka asilimia 33 mpaka 66, tena ndege wa kila mahala wanaitika zaidi wito wa watu wa pale pale.

Sasa nlichokiona kwa macho, kuna mzee alivomaliza kutoa asali akakusanya masega yote akayachoma, mengine akafukia. Nkamuuliza kwa nini ndege hajapewa. Akasema akishiba leo hatofanya kazi tena leo. Ndege kakaa tawini anatizama moto. Kwa kweli nliumia. Na hilo Wahadzabe kufanya hivo limeandikwa pia na watafiti, si mzee yule peke yake. Ndege bado anakuja lakini, mzinga mmoja mmoja anapata makombo, na peke yake hauvunji mzinga wa nyuki.

---

mwana_wa_pete

Wallahi nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea ami kwa sauti. La popo kalikubali, la chewa kasema mpaka aone. Mzamiaji jiandae, anataka kuja.

Bi mkubwa, nimekusikia. Yule mwenzetu hatukuwahi kuuliza kwao, tulikasirika tu. Ijumaa hii kikoa ni kwangu, nimempelekea salamu kwa mdogo wake kuwa sahani yake ipo, hajajibu bado.

Maalim, udugu sijui, ila Jumamosi nlirudi na daftari ya mtoto na saa. Nimeshamtambua mmoja, jike, ncha ya mkia imekatika. Nlimuona anamchambua mwenziwe dakika 11, akageuka akachambuliwa dakika 4, wakaacha wote wawili wakala majani. Alafu yule dume akaja tena. Safari hii mkia-mkato alimchambua kidogo sana, kama dakika 2, akasogea, na dume akakaa palepale karibu yake, hakumfukuza kwenye majani machanga ingawa wengine wawili aliwatoa. Nikaandika. Nlitaka niendelee, mvua ikashuka ghafla ile kubwa ya vuli, wote wakajikusanya tawi moja migongo nje wamekumbatiana, mvua inachuruzika, nikashindwa kabisa kujua nani ni nani. Ntarudi tena kesho asubuhi.